Kinga Isiyolala

Kuanzia mwishoni mwa 2004, mtu wa Tarime au Serengeti, wilaya mbili za mkoa wa Mara, aliyepima na kukutwa na VVU alirudi nyumbani na namba moja kichwani: idadi ya CD4 zake, zile chembe nyeupe za damu ambazo virusi huzishambulia kwanza. Ikiwa 180, aliandaliwa kuanza dawa. Ikiwa 420, aliambiwa kinga bado ni nzuri, ale vizuri, apunguze pombe, arudi baada ya miezi kadhaa wapime tena. Mstari ulichorwa kwenye 200. Waliokuwa chini yake, au waliokwisha kuugua vibaya, ndio walioanza, wengine walisubiri. Na wengi kati ya waliosubiri walitoka kliniki wakimshukuru Mungu, maana kuanzishiwa dawa enzi hizo kulichukuliwa kuwa dalili ya mtu kufika ukingoni.

Mstari huo ulichorwa kwa nia njema. Dawa zilikuwa chache, zilikuwa kali mwilini, na waliokuwa wakifa walipaswa kutangulizwa. Lakini mchukue aliyesubiri miaka minne au mitano huku CD4 zikishuka kutoka 420 hadi 190, kisha akameza dawa bila kukosa hadi leo. Virusi vyake havionekani kwenye kipimo, mwili umerudi, analima, anasomesha watoto. Hata hivyo damu yake haijafanana na ya jirani yake asiye na VVU. Ndani yake kinga inaendelea kupigana, kidogo kidogo, bila homa wala jipu la kuonekana kwa macho. Madaktari huiita hali hiyo inflamesheni ya kudumu, na ndiyo wanayoihusisha na shambulio la moyo, kiharusi, figo kuchoka na uzee kuwahi kufika. Aliyeanza dawa akiwa ameshuka sana huwa na mabaki mengi zaidi ya vita hiyo. Kwa hiyo ukitaka kuielewa inflamesheni katika wilaya hizi mbili, uliza kwanza nani alianza dawa lini, na kwa nini hakuanza mapema.

Ugonjwa wenyewe uliingia nchini kwa upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza waligunduliwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita Silimu kwa jinsi ulivyokondesha. Mara iko upande wa pili wa maji, lakini njia za kufika huko hazikukosekana. Kuna mialo ya wavuvi. Kuna mpaka wa Sirari na Isebania, ambako malori hulala na biashara haifungwi usiku. Kuna Nyamongo, ambako watu walichimba dhahabu kwa mikono muda mrefu kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002. Kuna vijana wa Kikurya waliojiunga na jeshi tangu enzi za KAR, jeshi la mkoloni, wakapangiwa kambi za mbali na kurudi likizo. Na upande wa Serengeti kuna hoteli na kambi za watalii, zenye wafanyakazi wanaokaa miezi bila familia zao.

Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta maambukizi ya asilimia 7.7 kwa watu wazima wa Mara, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.7. Kagera, ulikoanzia, ilikuwa imeshuka hadi 3.4. Miaka minne baadaye utafiti mwingine uliipa Mara asilimia 4.5. Mtu asikimbilie kusema kwamba maambukizi yalipungua karibu nusu kwa miaka minne. Sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo na namba zake huyumba. Inatosha kujua kwamba Mara haikuwa pembeni.

Somo la kwanza kuhusu inflamesheni na VVU katika Kanda ya Ziwa halikutoka kwenye moyo wala figo. Lilitoka kwenye magonjwa ya zinaa. Kati ya 1991 na 1994, watafiti wa NIMR, AMREF na chuo cha tiba ya kitropiki cha London walizigawa jamii 12 za mkoa wa Mwanza makundi mawili. Nusu zilipewa huduma bora ya kutibu kisonono, kaswende na vidonda vya sehemu za siri katika zahanati za kawaida, kwa dawa zilizopatikana na wahudumu waliofundishwa upya. Nusu nyingine zilibaki na huduma ya siku zote na kuboreshewa baadaye. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kwenye jamii zilizotangulia kuboreshewa. Palipo na kidonda au usaha kinga hukimbilia hapo, na chembe inazozituma ndizo hizo CD4 ambazo virusi vinazitafuta. Jaribio la namna hiyo lililofanyika baadaye Rakai, Uganda, kwa kugawa dawa kwa kila mtu, halikupata matokeo hayo, na wataalamu wakabishana kwa miaka. Hata hivyo jambo moja tayari lilikuwa limesemwa: virusi hivi hunawiri pale kinga inapowaka.

Dawa zilichelewa. Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, tume ya taifa ya UKIMWI, TACAIDS, ikaundwa 2001, na Marekani ikatangaza mpango wake wa PEPFAR mwaka 2003. Oktoba 2004 ndipo serikali ilipoanza kutoa dawa za kurefusha maisha (ARV) bure, kupitia kliniki zilizokuja kujulikana nchi nzima kwa herufi tatu, CTC. Kwa Serengeti, tegemeo lilikuwa hospitali teule ya Nyerere pale Mugumu, ya Kanisa la Mennonite. Kwa Tarime, hospitali ya wilaya pale mjini. Vituo vya afya na zahanati vilifuata polepole. Mtu wa kijijini aliamka alfajiri, akapanda bodaboda au akatembea, na kama ilivyokuwa kote nchini wapo waliopita kituo cha karibu wakaenda cha mbali ili jirani asiwaone kwenye benchi.

Kadi ya CTC ya mtu aliyeanza enzi hizo inastahili kuangaliwa kwa makini. Ina safu ya tarehe, safu ya uzito, safu ya hatua ya ugonjwa kuanzia 1 hadi 4, safu ya hali ya mtu iliyofupishwa kwa herufi moja: anafanya kazi, anatembea tu, au yuko kitandani. Ina safu ya CD4, msimbo wa dawa, tarehe ya kurudi. Kingo zimelika kwa kukunjwa na kufichwa. Mstari kwa mstari unaona uzito ukipanda, herufi ya kitandani ikigeuka ya kutembea, kisha ya kufanya kazi, na msimbo wa dawa ukibadilika kila miaka michache. Kwa muuguzi mwenye watu themanini wa kuhudumia kabla ya saa nane, kadi hiyo ilikuwa silaha nzuri. Iliuliza kama mtu atafia kwenye ugonjwa huu. Haikuwa imetengenezwa kuuliza atazeekaje.

Msimbo wa kwanza kwenye kadi nyingi za wakati huo ni wa kidonge kimoja kilichochanganya stavudini, lamivudini na nevirapini, kikimezwa asubuhi na jioni. Kilitengenezwa India, kilikuwa rahisi kuliko vyote, na kiliokoa watu wengi sana. Lakini stavudini ilikuwa na deni lake. Baada ya miezi au miaka nyayo zilianza kuchoma kama zimekanyaga makaa, vidole vikafa ganzi, mafuta yakayeyuka mashavuni na kwenye mapaja huku tumbo likitokeza. Mtu aliyepona akajulikana barabarani kwa uso wake. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziachane nayo mwishoni mwa 2009, na kuiondoa kabisa kwenye makabati kukachukua miaka mingine. Baadhi ya waliobaki na ganzi miguuni wanayo mpaka leo, na mafuta yaliyohama mwilini ni mojawapo ya mambo yanayochochea inflamesheni na sukari kupanda.

Kulikuwa na jambo jingine lililowatisha watu, na lilichukua muda kueleweka vijijini. Mgonjwa alifika akiwa mifupa mitupu, CD4 hazifiki 50, akaanzishiwa dawa, na wiki chache baadaye akafa. Au TB ambayo haikuwa imejionyesha ikalipuka: homa, tezi zikavimba shingoni, maji yakajaa kifuani. Ndugu walihitimisha kwamba dawa zimemuua. Kilichotokea ni kwamba kinga, iliyokuwa imezimika, iliamka ghafla ikakuta mwili umejaa wadudu iliokuwa imewasahau, ikawashambulia wote kwa pamoja. Hiyo ni inflamesheni ya haraka na ya wazi, inayoonekana kwa macho. Ile ya polepole haikuwa na wa kuisimulia, kwa sababu haikumlaza mtu kitandani. Hivyo vifo vya wiki za mwanzo viliingia kwenye maneno ya watu, na pengine viliwachelewesha wengine kuja kliniki, wakaja nao wakiwa wameshuka. Ulikuwa mzunguko mbaya.

Wakati Tarime na Mugumu zikihesabu wateja wao wa kwanza, swali jingine lilikuwa likijibiwa mbali. Je, mtu akishapata nafuu, anaweza kupumzika dawa? Hoja ilikuwa na mantiki: dawa zina sumu, zina gharama, na mwili uliopona uachiwe upumue. Jaribio lililoitwa SMART liliandikisha watu 5,472 katika nchi 33. Kundi moja lilimeza dawa mfululizo. Kundi la pili liliacha CD4 zikizidi 350 na kuanza tena zikishuka chini ya 250. Januari 2006 waliosimamia usalama wa jaribio waliamuru lisimame. Waliopumzika dawa walikuwa wakifa na kuugua UKIMWI zaidi, na hilo lilitarajiwa kidogo. Lililowashangaza ni kwamba walikuwa pia wakipata zaidi magonjwa ya moyo, figo na ini, yale yale waliyodhani yanaletwa na dawa. Mwaka huo huo jaribio la DART, lililokuwa likiendeshwa Uganda na Zimbabwe, nalo lilifuta sehemu yake ya kupumzisha dawa.

Watafiti walirudi kwenye chupa za damu zilizogandishwa wakapima vitu viwili. Kimoja ni IL-6, protini ambayo chembe za kinga huitumia kuitana. Kingine ni D-dimer, vipande vinavyobaki damu inapoganda na kuyeyuka ndani ya mishipa. Ndani ya mwezi mmoja wa kuacha dawa, vyote vilikuwa vimepanda. Na waliokuwa navyo juu tangu mwanzo ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, wawe na CD4 nzuri au la. Hapo ndipo dunia ya tiba ilipoanza kusema kwamba VVU ni ugonjwa wa kinga kupungua na, wakati huo huo, wa kinga kuzidi kuwaka.

Kwa nini iwake hata virusi vikiwa vimefubazwa? Sehemu kubwa ya jibu iko tumboni. CD4 nyingi za mwili hazikai kwenye damu, zinakaa kwenye utando wa matumbo, na virusi huzifagia huko katika wiki za kwanza tu za maambukizi, kabla mtu hajajua kama ameambukizwa. Miongoni mwa zinazokufa ni zile zinazolinda ukuta wa utumbo usivuje. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Marekani, Jason Brenchley na Daniel Douek wakiwa miongoni mwao, lilionyesha kwamba vipande vya bakteria wa tumboni hupenya ukuta huo na kuingia kwenye damu, na kinga ikivikuta hukaa macho muda wote. Dawa huzuia virusi kuzaliana, lakini ukuta uliobomolewa kwa miaka haujengeki wote. Tena virusi vyenyewe havitoki mwilini. Hujificha usingizini ndani ya chembe zinazoishi muda mrefu, na mara moja moja hujikohoza.

Watu wa Mara hawahitaji maelezo marefu juu ya ulinzi unaokaa macho kupita kiasi. Sungusungu walianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaenea hadi huku kwenye wizi wa ng'ombe. Walipofika, mifugo ilirudi zizini. Lakini kijiji ambacho sungusungu wake hawarudi nyumbani hata baada ya wezi kukimbia, wakaendelea na doria kila usiku, wakisimamisha kila mpita njia na kutoza faini, huanza kuumizwa na walinzi wake. Mishipa ya damu ya mtu mwenye VVU ni kijiji hicho. Kila mwaka wa doria huacha kovu kwenye utando wa mshipa, mafuta hunasa hapo, damu huganda kwa urahisi.

Hapa lazima nipunguze kasi, kwa sababu si kila kilichoonekana Marekani kimeonekana kwetu kwa namna ile ile. Watafiti waliochunguza damu zilizohifadhiwa za watu wa Rakai walichapisha mwaka 2009 kwamba hawakuona vipande vya bakteria vikienda sambamba na ugonjwa kukua haraka. Maelezo yanaweza kuwa mengi. Mojawapo ni kwamba huku kwetu kinga ya kila mtu, mwenye VVU na asiye navyo, haipati mapumziko: malaria, minyoo, kichocho kwenye mwambao wa ziwa, TB, moshi wa kuni jikoni. Kumtofautisha anayewaka kwa VVU na anayewaka kwa mengine ni kazi ngumu. Hilo halimpi nafuu mama wa Serengeti anayepika kwa kuni huku akimeza ARV. Kwake yote yanajumlishwa kwenye mishipa ile ile.

Kisha ukaja mwaka 2011 na kikombe. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa dawa ya mizizi ya mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, inayopakana na Serengeti. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Kufikia Machi msururu wa magari ulikuwa wa kilomita nyingi, na watu walitoka kila pembe ya nchi, Kenya na kwingineko. Kwa watu wa Mara Loliondo haikuwa mbali kama ilivyokuwa kwa wa Dar es Salaam. Mawaziri walikunywa, maaskofu walikunywa, na mtu wa kawaida angekataaje? Mchungaji huyo alisema dawa yake inatibu UKIMWI, kisukari, presha, pumu na saratani. Huwa najiuliza kama kuna aliyegundua wakati ule kwamba mzee yule alikuwa ameyaweka kwenye kikombe kimoja magonjwa ambayo kliniki zetu ziliyaweka kwenye majengo tofauti na siku tofauti.

Wapo walioamini wamepona, wakaacha ARV. Wataalamu wa afya walionya, na wengine walisikia. Kwa walioacha, damu ilifanya kile ambacho SMART ilikuwa imekionyesha miaka mitano kabla: virusi vikarudi ndani ya wiki chache, IL-6 ikapanda, na kinga iliyojengwa kwa miaka ikaanza kuliwa upya. Wengine walirudi kliniki kimya kimya, wakaitwa watoro wa dawa, neno ambalo limewazuia wengi zaidi kurudi kuliko lilivyowarudisha. Ukimkuta leo mtu wa miaka 60 mwenye presha isiyotulia na dawa zilizobadilishwa mara kadhaa, muulize taratibu kuhusu 2011 kabla ya kumlaumu kwa chumvi.

Mstari wa 200 ulianza kusogezwa. Mwongozo wa Tanzania wa 2012 uliupandisha hadi 350, wa 2015 hadi 500. Mwaka huo wa 2015 jaribio la START, lenye watu 4,685 katika nchi 35, Uganda ikiwemo, lilifunga mjadala: walioanza dawa mara moja wakiwa na CD4 zaidi ya 500 walipunguza kwa asilimia 57 hatari ya kifo au ugonjwa mzito, wa UKIMWI na usio wa UKIMWI, wakilinganishwa na waliosubiri hadi 350. Oktoba 2016 Tanzania ikaufuta mstari. Ukipima na kukutwa nao, unaanza. Kuanzia 2019 ikaja TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovu, lamivudini na dolutegravu, kinachofubaza virusi kwa haraka kuliko vyote vilivyotangulia. Kufikia utafiti wa 2022-23, katika kila watu wazima 100 waliokuwa wakitumia dawa nchini, 94 walikuwa wamefubaza virusi.

Kwa hiyo kwenye benchi moja la CTC ya Tarime leo wanakaa watu wa enzi tofauti. Binti aliyepima mwaka jana kliniki ya wajawazito akaanza siku hiyo hiyo. Mzee aliyesubiri kuanzia 2005 hadi 2009, akapita kwenye stavudini, TB na kikombe. Kipimo cha wingi wa virusi kinawaona sawa, kwa wote virusi havionekani. Mwili wa mmoja umebeba kovu ambalo wa mwingine hautalijua.

Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda inayopokea rufaa za Mara, ndiko baadhi ya kovu hilo lilikohesabiwa kwa karibu. Robert Peck na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa watu wazima waliogawanywa makundi matatu. Wasio na VVU, karibu 16 kati ya 100 walikuwa na presha. Wenye VVU ambao hawajaanza dawa, 5 tu. Waliokuwa kwenye dawa zaidi ya miaka miwili, karibu 29. Usomaji wa haraka utasema dawa zinaleta presha, na nimewasikia watu wakisema hivyo kijiweni. Lakini yule wa 5 kati ya 100 alikuwa amekonda, na mtu aliyekonda kwa ugonjwa presha yake huwa chini. Dawa zilimrudishia uzito, zikamrudishia umri, na kinga iliyoamka ikawa na mishipa ya kuichosha. Aliyekufa 2003 hakupata nafasi ya kupata presha. TLD nayo imeongeza lake: tafiti za Afrika Kusini na Cameroon zilionyesha uzito ukipanda, hasa kwa wanawake, na Kampala iliripoti watu waliopandisha sukari kwa kasi baada ya kubadilishiwa.

Katika yote haya kuna kidonge kimoja ambacho hakijapewa heshima yake. Septrini, ile kubwa nyeupe yenye uchungu ambayo watu huimeza wakikunja uso, ilitolewa kuzuia nimonia na maambukizi mengine. Mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi na watoto wa Zimbabwe na Uganda waliokuwa kwenye ARV walionyesha kwamba inapunguza pia inflamesheni ya mwili mzima, kwa kuwatuliza baadhi ya bakteria wa tumboni na chembe za kinga zenyewe. Utumbo tena. Mtaa wa Mabatini, Mwanza, tangu miaka ya 2000, kikundi cha wanawake kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Western Ontario cha Kanada kimetengeneza maziwa ya mgando yenye bakteria maalumu kwa ajili ya watu wenye VVU. Uchunguzi wa kwanza uliona CD4 zikiongezeka kwa wanywaji. Jaribio lililofuata, lililopangwa kwa ukali zaidi, halikuona tofauti. Mkurya aliyekulia kwenye maziwa ya kibuyu hatahitaji kusukumwa kuyanywa, na ni chakula kizuri. Yasiuzwe kama tiba.

Mwaka 2023 ulileta majibu mawili yanayofaa kuwekwa mezani kwa yeyote anayesimamia kliniki Mugumu au Nyamongo. La kwanza ni la jaribio la REPRIEVE, watu 7,769 wa miaka 40 hadi 75 wenye VVU katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Waliomeza pitavastatini, dawa ya aina inayotumika kushusha mafuta ya damu, walipunguza mashambulio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 35, na kushuka kwa mafuta peke yake hakukutosha kueleza nafuu yote. La pili ni INTE-AFRICA, lililofanyika Tanzania na Uganda katika vituo 32. Wagonjwa wa VVU, kisukari na presha walihudumiwa benchi moja, chumba kimoja, mhudumu mmoja, na ufubazaji wa virusi haukutetereka.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha kwa muda misaada yake ya nje, na wahudumu wengi wa CTC waliokuwa wakilipwa na miradi wakaambiwa wakae nyumbani. Dawa zilibaki makabatini, serikali ikaahidi fedha za kujaza pengo. Lakini mtu aliyeambiwa kwa miaka ishirini kwamba asikose hata siku moja alijua vizuri kuliko mwanasiasa yeyote nini hutokea mwilini ukisimama.

Mgogoro wa kila mwezi ni mdogo zaidi na hauandikwi magazetini. ARV ni bure. Vidonge vya presha, kwa wengi, hununuliwa duka la dawa. Mzee yule wa 2005 anatoka na TLD za miezi mitatu au sita bila kulipa hata senti, kisha anaambiwa presha yake ni 170 kwa 100 na anapewa karatasi. Atanunua za wiki mbili, akiuza kuku atanunua nyingine. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa wale waliosubiri mstari wa 200, kipimo cha sheria hiyo kitakuwa kama amlodipini, kidonge cha presha, itakuja kutolewa siku ile ile na kwenye dirisha lile lile la TLD, kwa bei ile ile.